Mti Uangukie Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Unguja na Pemba

Masika yamekwisha, kusi imeanza kushika, na barua zilizofika katika ukurasa huu safari hii ni za miti zaidi kuliko za jambo lingine lolote. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu aliyeiandika anaeleza hali ninayoiona takriban kila kijiji nikipitacho, na kwa sababu ushauri aliopewa na majirani zake, ingawa umetolewa kwa nia njema, ungeweza kumuua mtu.

Swali: Vijana wanane na kamba, je, wanatosha?

*Assalamu alaykum, mzee wetu. Huku Konde, Pemba, nina mwembe nyuma ya nyumba ambao aliupanda marehemu babu. Shina lake lina unene wa sentimita 60 hivi ukilikata kati, na matawi yake makubwa yote yameelekea upande wa jiko, ambalo nimeliezeka kwa bati mwaka jana tu. Nataka kuukata uangukie upande wa pili, ambako kuna mihogo. Majirani wananiambia nifunge kamba juu, nitafute vijana wanane wenye nguvu wavute, na mwenye msumeno wa moto akate tu mpaka mti uondoke. Je, inatosha?*

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Haitoshi, na nitakueleza kwa hesabu, kwa sababu katika jambo hili maneno ya ujasiri yamekwisha kuezua mabati mengi.

Anza kwa kuupima mti kabla hujauonesha msumeno. Chukua timazi ya mwashi, au ufunge jiwe kwenye uzi, usimame mbali kiasi cha kuuona mti wote, unyooshe mkono na kuuacha uzi uning'inie mbele ya jicho lako, kisha uulinganishe na shina na matawi. Ukimaliza, zunguka robo ya duara ufanye vivyo hivyo, kwani mti unaoonekana umesimama wima ukiutazama kutoka mlangoni waweza kuwa umelala sana ukiutazama kutoka kisimani. Kwa mwembe usidanganywe na shina. Shina lake mara nyingi limenyooka, lakini uzito haumo humo tu. Uko juu kwenye matawi, na matawi yakikimbilia upande mmoja kutafuta jua, mti umeinama hata kama shina linasema halikuinama.

Urefu nao una njia yake, wala hauhitaji kifaa. Tafuta fimbo iliyo sawa na umbali kutoka jichoni mwako hadi kwenye ngumi ya mkono ulionyooshwa, uishike wima mkono ukiwa umenyooka, urudi nyuma juu ya ardhi iliyo sawa mpaka fimbo iufunike mti kuanzia chini hadi kileleni. Kutoka hapo uliposimama hadi shinani ndio urefu wa mti, na ndipo kilele kitakapofika kikianguka kuelekea kwako. Watu wengi wakipima hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa, maana mti uliolala chini huwa mrefu kuliko uliosimama, na huo muhogo wako uliodhani uko mbali utakuwa chini ya majani.

Sasa tufanye hesabu ya mwembe wako. Tuchukulie kwamba una urefu wa meta 16 na uzito wa tani 3, kwamba kitovu cha uzito wake, yaani pale uzito wa pande zote unapolingana, kiko meta 8 kutoka chini, na kwamba timazi imekuonesha kuwa kitovu hicho kimetoka meta 2 kuelekea jikoni. Mwembe wenye matawi ya upande mmoja waweza kabisa kuwa hivyo. Ili kuuzuia tu usiende jikoni, bila ya kuuangusha upande wa pili, kamba iliyofungwa meta 10 juu inahitaji mvuto wa kilo 600 kuelekea mihogoni. Vijana wako wanane wakisimama peku kwenye udongo, kila mmoja akavuta kilo 40 kwa muda mrefu bila kuteleza, wanatoa kilo 320. Isitoshe, wakisimama meta 10 kutoka shinani, kamba itakuwa imelala kwa pembe ya nyuzi 45, sehemu kubwa ya nguvu yao itakuwa inauvuta mti chini badala ya kuuvuta pembeni, na kazi itataka kilo 850; juu ya hayo, watakuwa wamesimama ndani ya urefu wa mti ule ule wanaouvuta. Wakirudi nyuma hadi meta 20, mvuto unaohitajika unashuka hadi karibu kilo 670 na wanakuwa nje ya kilele, lakini bado hawaufikii.

Kabari je? Kabari ni kitu kizuri, nami siendi kukata mti bila kabari mbili, lakini nayo ina mpaka wake. Kutoka nyuma ya shina lako hadi mahali mti utakapojikunjia ni kama sentimita 40. Ili kitovu kilichotoka meta 2 kikiwa meta 8 juu kirudi katikati, nyuma ya shina inapaswa kuinuliwa sentimita 10. Kabari moja huinua sentimita 2 au 3. Ukiirundika moja juu ya nyingine hadi zifike sentimita 10, ama zitachomoka na kuruka kama jiwe la kombeo, ama mbao iliyobaki itakatika, na jiko lako litapata mgeni.

Kwa hiyo usijaribu kuushinda mti huu. Ubadilishe kwanza. Tafuta mpanda miti aliyezoea, apande siku kavu, afunge mwenyewe kamba ya usalama kwenye panda iliyo imara, na ayakate matawi ya upande wa jiko moja baada ya jingine, kila tawi likiwa limefungwa kamba iliyopitishwa juu ya panda ya mti na kushikwa na mtu chini, ili literemshwe taratibu badala ya kuanguka. Matawi ya mwembe huvunjika ghafla bila kupinda sana, basi asisimame kwenye tawi analolikata wala lile lililo chini yake. Utomvu wake pia huwasha ngozi za watu wengi. Avae shati la mikono mirefu. Baada ya kila matawi mawili au matatu, rudi na timazi yako. Itafika saa utaona uzi unasema kwamba uzito umevuka shina na kuelekea mihogoni, na hapo mwembe utakuwa unataka kwenda unakotaka wewe. Kazi hii inaweza kula siku mbili, na watu watakucheka kwamba unaunyoa mti kabla ya kuuua. Waache wacheke.

Hapo ndipo tunafika kwenye msumeno, na kwenye jambo ambalo ningependa kila anayeshika msumeno wa moto katika visiwa hivi alijue kama anavyolijua jina lake. Mti hauelekezwi na kamba, wala na kabari, wala na mikono ya watu. Unaelekezwa na kipande cha mbao ambacho hukikati. Kipande hicho ninakiita bawaba, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya bawaba ya mlango: kuushika mti kwenye kisiki wakati unapogeuka, na kuuruhusu ugeuke upande mmoja tu.

Bawaba inatengenezwa hivi. Upande wa mihogo, ambako unataka mti uangukie, unakata kinywa. Mkato wa juu unashuka kwa mteremko, na mkato wa chini unaingia kwa usawa mpaka ukutane nao. Kina cha kinywa kiwe robo ya unene wa shina au pungufu kidogo. Kwa mwembe wako, sentimita 12 hadi 15. Ukifungue vizuri, kiasi cha nyuzi 70, kwa sababu kinywa chembamba hujifunga mti ukiwa bado hewani, na kikijifunga tu bawaba hukatika, na mti usio na bawaba hufuata upepo. Mikato hiyo miwili ikutane pale pale, kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ukiupitiliza hata mmoja wao kwa upana wa kidole, umekwisha kuikata bawaba kabla haijazaliwa, na hilo ndilo kosa ninaloliona kwenye visiki vingi kuliko kosa lingine lolote.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kinywa kinatazama unakotaka. Chukua fito mbili zenye urefu sawa, weka ncha ya mmoja kwenye kona ya kushoto ya kinywa na ncha ya mwingine kwenye kona ya kulia, kisha uzikutanishe mbele. Pale zinapokutana ndipo mti utakapoelekea. Kama fito zinaonesha choo cha jirani, rekebisha kinywa sasa, maana baadaye hakuna marekebisho.

Ndipo unakwenda nyuma. Mkato wa nyuma uwe wa usawa, juu kidogo ya ule mstari wa kinywa, upana wa vidole viwili au vitatu. Mara tu msumeno ukiingia kiasi cha kutosha, gonga kabari nyuma yake ili mti usiukalie. Endelea, ukitazama pande zote mbili za shina, na usimame pale ambapo mbao iliyobaki kati ya mkato wa nyuma na kinywa ina unene wa sentimita 6, sehemu moja ya kumi ya shina, kutoka ukingo hadi ukingo, unene ule ule kushoto na kulia. Acha hapo. Zima msumeno. Kinachobaki kinamalizwa kwa kabari, nyundo na kamba. Na hapa kamba ina kazi yake ya haki, kwani mti ambao tayari unataka kwenda huitikia mvuto mdogo. Ipitishe kamba nyuma ya mti mwingine madhubuti ulioko pembeni, ili wavutaji wasimame nje kabisa ya njia, wala mtu asijifunge kamba kiunoni au kuizungusha mkononi.

Siku moja, nikiwa kijana, nilikata mfenesi wa ami yangu na nikajiamini. Kinywa kilikuwa kizuri, fito zilielekea mahali pake, lakini nyuma nilisimama upande wa kushoto tu na sikuwahi kuzunguka kuangalia wa kulia. Ncha ya msumeno ilikuwa imekwishapita, na bawaba upande ule ilikuwa imekatwa yote. Mti ulianza kwenda vizuri kabisa, kiasi cha hatua mbili, halafu ukageuka taratibu kuelekea upande uliobaki na mbao, kama mtu aliyeshikwa kanzu, ukalala juu ya banda la kuku la ami. Kuku walikuwa nje. Nililijenga banda upya kwa mikono yangu, na ami alikaa pembeni akinihesabia misumari.

Jambo la mwisho kwako ni njia ya kukimbilia. Isafishe kabla ya kuanza: nyuma ya mti, lakini kwa mshazari, nyuzi 45 kutoka mstari wa nyuma kabisa, ule ulio kinyume na upande mti unakokwenda, wala si nyuma moja kwa moja, kwa sababu kitako cha shina huweza kurudi nyuma kwa nguvu kinapoachana na kisiki. Mti unapoanza kutikisika, acha kila kitu, tembea kwa haraka hatua saba au nane kwenye njia hiyo, na macho yako yawe juu, kwani matawi makavu huanguka baada ya mti wenyewe. Watu wote wengine, watoto hasa, wakae umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Kazi uifanye asubuhi, kabla upepo haujaamka; kusi ikivuma mchana kwenye mwembe wenye majani mengi, hesabu zote nilizokupa hapo juu zinabadilika. Na kama kuna waya wa umeme unaofikiwa na mti au tawi lolote, usiguse kitu mpaka watu wa Shirika la Umeme la Zanzibar wawe wamekata umeme.

Swali: Baba alikata kwa shoka bila ya mambo yote haya

*Shikamoo mzee. Nimesoma maelezo yako ya zamani kuhusu bawaba. Marehemu baba yangu huko Mkoani alikata miti kwa shoka miaka arubaini, hakuwahi kupima chochote, na mti wake ulianguka pale alipochomeka kijiti. Je, mambo haya si ya msumeno wa moto tu?*

Marahaba. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na bawaba. Hakuwa na jina lake tu. Kumbuka namna alivyokata. Alianza upande wa maangukio, chini, akachimba pengo pana. Kisha akazunguka nyuma na kuanza pengo la pili, dogo zaidi, na bila shaka lilikuwa juu kidogo ya lile la kwanza. Kati ya mapengo mawili kulibaki ukanda wa mbao, na mti ulijikunja juu yake. Hiyo ndiyo bawaba.

Tofauti kubwa iko kwenye mwendo. Shoka humpa mtu muda wa kusikia. Mbao inapoanza kulia, mkataji hupumzika, huweka shoka begani, hutazama kilele, hupiga mara mbili tena, husikiliza. Mti wenyewe humwambia imebaki kiasi gani. Msumeno wa moto unanguruma, na anayeushika hasikii kitu kingine, nao hula sentimita 6 za bawaba kwa kitambo kidogo kuliko unachohitaji kulisoma neno hili. Baba yako alipima kwa masikio. Mwenye msumeno hana budi kupima kwa macho, na kuzima mashine kila anapokuwa na shaka.

Kuna hatari moja ambayo hata mzee wa shoka aliiogopa, nayo ni mti ulioinama sana mbele kuelekea unakotaka uangukie. Watu huuona huo kuwa mti mwepesi, kwa sababu unajielekeza wenyewe. Lakini mbao za nyuma zimevutika kama kamba ya upinde, na ukikata nyuma taratibu, mti huanza kwenda kabla hujamaliza, shina hupasuka kwa wima kutoka kwenye mkato kwenda juu, na kipande cha nyuma huruka kichwani mwa mkataji. Kwa mti wa namna hiyo, ukishakata kinywa, tumbukiza ncha ya msumeno kutoka ubavuni nyuma ya bawaba, utoboe upande wa pili, ukate kuja nyuma na kuacha ukanda mdogo tu ukingoni mwa nyuma. Kisha simama pembeni na uukate ukanda huo mwishoni. Mti utaondoka mara moja, bila kupasuka. Kazi hiyo si ya mwanafunzi.

Swali: Mnazi karibu na ukuta

*Mimi ni mama wa Jambiani. Mnazi wangu umekauka kilele baada ya kuliwa na chonga, yule mdudu wa minazi, nao uko hatua kumi kutoka ukuta wa nyumba, umejipinda kuelekea baharini. Kijana anayekata miti anasema ataukata kama mti mwingine wowote. Ni sawa?*

Si sawa, mama yangu, ingawa uzuri wa shauri lako ni kwamba mnazi wenyewe umejipinda kuuepuka ukuta. Uachwe uende huko huko baharini, na mtu asijaribu kuuonesha njia nyingine.

Mnazi si mti wa mbao kama mwembe. Hauna pete za miaka wala moyo mgumu. Nguvu yake iko kwenye ganda la nje, na ndani ni nyuzi laini zilizolowa. Mambo mawili yanatokana na hilo. La kwanza, bawaba ya mnazi inategemea zile pande mbili za ukingoni, kushoto na kulia, ambako ganda ni gumu. Kijana akizikata pande hizo na kuacha katikati, ameacha sifongo. La pili, nyuzi zake hazipindi vizuri kama za mbao nyingine, hukatika mapema, basi bawaba iachwe nene zaidi kidogo na usitarajie kuwa itauzungusha mnazi uelekee upande mwingine. Mnazi huenda ulikoinamia, na kamba ni ya kuuzuia usipepesuke tu.

Kwa mnazi ulio hai ningesema apande mkwezi kwanza, aangushe nazi, madafu na makuti, kwa sababu uzito wote wa juu uko hapo. Kwa wako sitaki mtu apande. Shina lililokufa huoza kwa juu bila kuonekana kutoka chini, na kilele kikavu chaweza kuvunjika na kuanguka kwa mtikisiko wa msumeno tu. Kijana aligonge shina kwa mgongo wa shoka kuanzia chini hadi anakofikia, asikilize. Sauti ya ngoma ina maana kwamba ndani mna uwazi. Kamba irushwe juu kwa jiwe badala ya kupandishwa na mtu. Na avae kofia ngumu, hata akiona aibu mbele ya wenzake. Mnazi pia hufifisha meno ya msumeno upesi mno, na mchanga ulioshika kwenye shina huongeza. Aje na tupa, alipige brashi shina kabla ya kukata, kwani msumeno butu hula upande mmoja zaidi na kuipotosha bawaba.

Swali: Mikarafuu mitatu mikavu

*Katika shamba langu la eka tatu, karibu na Wete, mikarafuu mitatu imekauka. Je, naweza kuikata mwenyewe?*

Kabla ya kukata, nenda kwa sheha, naye akuelekeze kwa ofisi ya misitu ya wilaya upate kibali kwa maandishi. Mkarafuu unalindwa kisheria, na hata kukauka kwake hakukupi ruhusa. Ni afisa anayetakiwa kuuona na kusema kwamba umekufa. Miti mingine nayo imo katika Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu namba 10 ya mwaka 1996. Uhakikishe pia mti ni wako, kwa sababu kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ya mwingine, au ikawa ya wakfu. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoilaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, ndicho kilichoufanya mkarafuu mmoja wa Pemba uwe kitu cha kuhesabiwa, na hesabu hiyo haijaisha hadi leo.

Ukishapata kibali, kumbuka kwamba mbao kavu haipindi. Bawaba ya mkarafuu mkavu huvunjika mti ukiwa umeanza tu kuinama, hivyo usitegemee kuuelekeza mbali na mwinamo wake. Usigonge kabari kwa nguvu, kwani kila pigo hupanda juu na kuangusha vijiti vikavu. Ivute miti hiyo kwa kamba taratibu.

Swali: Mti umekwama juu ya mwingine

*Tulikata mvinje huku Donge, ukaegemea mwembe wa jirani na kubaki hapo. Sasa ni siku ya tatu. Vijana wanataka kuukata mwembe ili mvinje ushuke.*

Wazuie leo hii. Mwembe ule umebeba uzito wa mvinje, na ukikatwa vitashuka vyote viwili kwa pamoja, na yeyote aliye chini hatakuwa na upande wa kukimbilia. Asipande mtu juu ya mvinje kuutikisa, wala asiukate vipande kuanzia chini akiwa amesimama chini yake, kwani kila kipande kinapotoka shina husogea na kilele hujigeuza.

Ziba njia zote zinazopita hapo kwa makuti au kamba, na mtu akae kuwazuia watoto mpaka kazi iishe. Kisha tazama kisikini. Kama bawaba bado imeshika, iondoeni kwa uangalifu kutoka pembeni, mkiacha kipande kidogo upande mmoja ili shina lizunguke kwa kukitegemea, kisha mlizungushe kwa mti mrefu wa kupenyeza, mkisukuma kutoka kwenu kwenda mbali, kamwe si kuvuta kuja kwenu. Mvinje ni mzito lakini majani yake ni kama sindano, mara nyingi huteleza ukizungushwa robo tu. Usipoteleza, fungeni kamba ndefu kwenye kitako cha shina, mweke magogo mawili ya mviringo chini yake, na mukivute kitako kurudi nyuma kwa gari au kwa watu wengi waliosimama mbali zaidi ya urefu wa mti. Kilele kitashuka polepole kadiri kitako kinavyorudi.

Jirani mwenye mwembe aambiwe kabla hamjaanza, awepo, na aoneshwe matawi yatakayovunjika.